Bingwa wa mieleka aliyefundisha watu kupumua

Je, msomaji, ukiambiwa umtazame mtu kisha useme kama ana nguvu au hana, utaanza kumkagua wapi? Wengi wetu tutaanza na mikono, halafu kifua na mabega. Ni wachache watakaotupa jicho shingoni, na sidhani kuna atakayeuliza jinsi mtu huyo anavyopumua.

Lakini shingo na pumzi ndivyo vitu alivyovitanguliza Martin Burns, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mieleka mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye aligeuka mwalimu, na ualimu ukampa sifa kubwa kuliko ubingwa wenyewe.

Maisha yake yana mafunzo mengi kwa yeyote anayetaka kuulinda mwili wake bila gharama. Yana pia maonyo mawili. La kwanza linahusu michezo ya hatari ya kujionyesha. La pili linahusu mwanafunzi wake mkuu, kijana aliyewabwaga mabingwa wa dunia lakini akafariki akiwa na umri wa miaka 40 hivi, ilhali mwalimu wake aliishi hadi miaka 75.

MTOTO WA SHAMBA

Burns alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika wilaya ya Cedar, jimbo la Iowa, sehemu ya wakulima wa mahindi na wafugaji wa nguruwe. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Ilimbidi kutafuta vibarua katika mashamba ya watu ili kuwasaidia wa nyumbani.

Kazi za shamba siku hizo zilifanywa kwa nguvu za mikono na farasi, na ndizo zilizomkomaza. Jioni na siku za sherehe vijana wa Iowa walishindana mieleka, nao mchezo huo ukamwingia damuni.

Mwaka wa 1889 Burns alifika Chicago. Huko alikuta tangazo kwamba yeyote atakayesimama dakika 15 mbele ya Jack Carkeek au Evan Lewis, wanamieleka wawili wa kuogopwa, angepewa dola 25. Pesa hizo zilikuwa nyingi kuliko mshahara wa mwezi mzima wa kibarua wa shamba.

Burns alijitokeza akiwa amevaa ovaroli kama mtu aliyetoka kupalilia. Wenyewe walidhani wamepata mshamba wa kumchezea. Dakika 15 zikaisha akiwa bado hajabwagwa. Tangu siku hizo akaitwa "Farmer", yaani mkulima, na jina hilo likamganda maisha yake yote.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1895, alikutana tena na Evan Lewis, akamshinda na kutwaa ubingwa wa Marekani wa uzani wa juu. Aliushikilia hadi mwaka wa 1897 aliposhindwa na Dan McLeod.

La kushangaza ni kwamba Burns hakuwa jitu. Uzani wake ulikuwa kati ya kilo 75 na 80 hivi, sawa na wanaume wengi unaopishana nao barabarani. Je, alitoa wapi nguvu za kuwazidi waliomzidi kwa mwili?

SHINGO YA INCHI 20

Ili kuelewa jambo hili, ni vyema ujue kwanza walivyopigana. Mieleka ya Burns haikuwa kama hii ya televisheni ambayo watoto wetu huipenda, ambapo mshindi hupangwa kabla. Ilikuwa mieleka ya kushika popote, iliyotokana na desturi za Lancashire, Uingereza. Mtu aliruhusiwa kumshika mwenzake mguu, kiuno, mkono au shingo. Mshindi alikuwa yule aliyeyabana mabega yote mawili ya mwenzake chini, au aliyemkunja kiungo mpaka akasalimu amri.

Katika mashindano mengi ya zama hizo, kumkaba mtu koo pia kuliruhusiwa. Evan Lewis alipewa jina la "Strangler", maana yake mnyongaji, kwa sababu ya kabari yake, ile ambayo vijana wa Nairobi huiita ngeta. Mwenye shingo dhaifu hakuwa na la kufanya akishapigwa kabari hiyo.

Isitoshe, mwanamieleka aliyeangushwa chali alihitaji kujiinua kwa kichwa na miguu, mwili ukijipinda kama daraja, ili mabega yasiguse chini. Hapo pia shingo ndiyo iliyobeba mzigo.

Kwa hiyo Burns aliifanyia shingo yake mazoezi kila siku, kwa miaka mingi, mpaka ikafikia unene wa inchi 20, yaani sentimita 50 hivi. Ili upate picha, mwanamume wa kawaida huvaa shati lenye kola ya inchi 15 au 16.

Ni hapa tunapofikia jambo ambalo wengi hulikumbuka Burns akitajwa. Alipokuwa akizunguka na maonyesho ya kusafiri, aliwashangaza watazamaji kwa kutiwa kitanzi shingoni, kudondoshwa kama mfungwa anayenyongwa, na kuning'inia huku akipiga mluzi.

Msomaji, tafadhali usimhadithie mtoto kisa hiki bila kumweleza yafuatayo. Shingoni hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu akibanwa hapo hupoteza fahamu kwa sekunde chache tu, kabla hajapata nafasi ya kujiokoa. Humo pia mnapita koo la hewa. Na ndani ya zile pingili saba za shingo mna mshipa mkuu wa fahamu ambao, ukikatika, mtu hupooza mwili mzima au hufa papo hapo.

Burns alinusurika. Hiyo si sababu ya mtu mwingine kujaribu. Hakuna mazoezi yoyote duniani yanayoweza kuifanya kamba shingoni kuwa salama. Vivyo hivyo, watoto wanaokabana koo kwa mzaha baada ya kutazama mieleka wanapaswa kuonywa mara moja.

KUTOKA BINGWA HADI MWALIMU

Mwezi wa Desemba 1899, Burns alifika katika mji wa Fort Dodge, Iowa, kupambana na yeyote aliyetaka kumjaribu. Kijana mmoja wa shamba kutoka wilaya jirani ya Humboldt alipanda jukwaani. Jina lake lilikuwa Frank Gotch.

Burns alimwangusha baada ya dakika 11. Mabingwa wengi wangechukua zawadi yao na kwenda zao. Yeye aliwageukia watazamaji, akawaambia kijana huyo ana kipaji, na kwamba angemfundisha mpaka awe bingwa.

Alitimiza ahadi. Mwaka wa 1904 Gotch alimshinda Tom Jenkins na kuwa bingwa wa Marekani. Tarehe 3 Aprili 1908, mjini Chicago, alikutana na George Hackenschmidt, aliyejulikana kama Simba wa Urusi, mtu aliyesifiwa kuwa na mwili uliojengeka kuliko wote wa enzi hiyo. Walipigana kwa muda wa saa mbili hivi, na mwishowe ni Simba aliyesalimu amri.

Tafakari jambo hilo kidogo. Misuli ya Hackenschmidt ilikuwa mikubwa na ya kupendeza. Lakini kwa saa mbili mfululizo, kinachoamua ni moyo, mapafu na subira. Hivi ndivyo Burns alivyomjenga Gotch, na waliporudiana mwaka wa 1911 Gotch alishinda tena.

Si kila mara mwalimu huyu alifanikiwa. Mwaka wa 1910 alikuwa miongoni mwa waliomtayarisha bondia James Jeffries, aliyerudi ulingoni kupambana na Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzani wa juu. Jeffries alikuwa amestaafu na kukaa karibu miaka sita bila pigano, akanenepa mno. Alilazimika kupunguza zaidi ya kilo 40.

Kilo zilipungua, lakini wepesi wake wa zamani haukurudi. Tarehe 4 Julai mjini Reno, Johnson alimtwanga hadi pigano likakomeshwa katika raundi ya 15. Funzo lake ni wazi hata kwa sisi tusioingia ulingoni. Mwili ulioachwa miaka mingi haurudishwi kwa miezi michache ya kujitesa. Ni heri mazoezi mepesi yasiyokoma kuliko makali ya msimu.

MASOMO KWA NJIA YA POSTA

Burns hakutosheka kuwafundisha mabingwa. Mwaka wa 1914, akiwa Omaha katika jimbo la Nebraska, alitoa masomo ya mieleka na siha kwa njia ya posta. Kijana yeyote, hata wa kijiji cha mbali, angeweza kuandika barua, kutuma ada na kuletewa masomo hayo 12.

Sasa msomaji, unadhani somo la kwanza lilihusu nini? Jinsi ya kumtega mtu mguu? La. Lilianza na kuujenga mwili, na katika kuujenga mwili, kupumua kwa kina kulipewa nafasi ya mbele.

Burns aliamini kwamba watu wengi hutumia sehemu ndogo tu ya mapafu yao. Aliwataka wanafunzi wavute hewa safi polepole mpaka kifua kijae, kisha waitoe polepole. Aliwahimiza wasiguse pombe wala tumbaku, na yeye mwenyewe aliishi hivyo.

Katika masomo hayo alifundisha pia mazoezi ya shingo. Mengi ya mazoezi yake hayakuhitaji chombo chochote isipokuwa mwili wenyewe na mikono miwili.

Je, alikuwa sahihi kuhusu pumzi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tunapovuta hewa kwa kina, kiwambo, ule msuli uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, hushuka na kuyapa mapafu nafasi ya kujaa hadi chini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapopunguza mwendo huo kwa makusudi, mapigo ya moyo hutulia, wasiwasi hupungua, na kwa baadhi ya watu shinikizo la damu hushuka kidogo.

Lakini Burns, kama walimu wengi wa siha wa wakati huo, alizidisha kidogo aliposifu pumzi kana kwamba ingeweza kumponya mgonjwa. Tusimlaumu. Enzi hizo kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua watu wengi zaidi Marekani, na hakukuwa na dawa. Hewa safi, mapumziko na chakula bora ndivyo vitu pekee ambavyo madaktari wenyewe waliweza kuagiza. Streptomycin, dawa ya kwanza ya kukitibu, iligunduliwa mwaka wa 1943, baada ya Burns kufariki.

Leo hali ni tofauti. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku au unakonda bila sababu, usijitibu kwa kupumua. Nenda hospitali ukapimwe makohozi. Kifua kikuu kina tiba, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

MWALIMU ALIPOMZIKA MWANAFUNZI

Frank Gotch alistaafu akiwa bado bingwa. Kwa macho ya watu alikuwa mfano wa afya. Lakini tarehe 16 Desemba 1917 alifariki nyumbani kwake Humboldt. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi, na uchafu ambao zingeuondoa katika damu ukamtia sumu mwilini.

Hakuna ambaye angeweza kumwokoa. Ni mwaka wa 1945 ndipo daktari Mholanzi, Willem Kolff, alipofaulu kwa mara ya kwanza kuokoa maisha ya mgonjwa kwa mashine ya kusafisha damu. Upandikizaji wa figo uliofaulu kwa mara ya kwanza ulifanyika Boston mwaka wa 1954.

Kifo cha Gotch kinatukumbusha jambo ambalo vijana wenye misuli hawapendi kulisikia. Nguvu na afya ni ndugu, lakini si pacha. Misuli huonekana kwenye kioo, figo hazionekani. Ugonjwa wa figo waweza kuendelea miaka mingi bila maumivu yoyote. Mtu anapoanza kuvimba miguu na uso, kuchoka ovyo, kukosa hamu ya chakula na kutapika, mara nyingi figo huwa zimeharibika kwa kiasi kikubwa.

Siku hizi, shinikizo la juu la damu na kisukari ndivyo visababishi vikuu vya maradhi hayo. Vyote viwili hupimwa kwa urahisi. Shinikizo linalorudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi linahitaji kuangaliwa na daktari, hata kama mwenyewe unajihisi buheri wa afya. Aidha, epuka mazoea ya kumeza tembe za kutuliza maumivu kila siku bila ushauri, maana nyingine hudhuru figo zikitumiwa kwa muda mrefu.

Kwa upande wake, mwalimu aliendelea kufundisha. Earl Caddock, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1917, alikuwa mwanafunzi wake pia. Burns alizunguka Iowa akihimiza shule ziwafundishe wanafunzi mieleka, na mwaka wa 1921 timu aliyoifundisha mjini Cedar Rapids ilishinda mashindano ya kwanza ya shule za sekondari ya jimbo hilo. Hadi leo Iowa ni mojawapo ya ngome za mieleka ya shule na vyuo nchini Marekani. Burns alifariki tarehe 8 Januari 1937 katika mji wa Council Bluffs.

UNAWEZA KUANZIA HAPA

Huhitaji ulingo wala vyuma ili ufaidike na mafunzo ya mkulima huyu. Wataalamu wa leo wanakubaliana na mengi aliyoyasema, mradi yafanywe kwa kiasi.

Kwanza, pumua. Asubuhi kabla ya kuondoka, fungua dirisha, simama au keti wima. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi nne, acha tumbo lijae, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Ukihisi kizunguzungu, pumzika. Usipumulie ndani ya jikoni lenye moshi wa makaa au kuni. Moshi huo ni adui wa mapafu.

Pili, itunze shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzani wa kilo nne hadi tano, na shingo hukibeba mchana kutwa. Fundi wa nguo, karani na kijana aliyeinamia simu wote huichosha. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele kidogo huku kiganja kikikataa, kichwa kisisogee. Hesabu hadi tano, legeza. Rudia ukiweka kiganja kisogoni, kisha kila upande wa kichwa. Usitumie nguvu zako zote.

Usijaribu lile daraja la wanamieleka bila mwalimu. Na ikiwa umewahi kuumia shingo katika ajali, una maumivu yanayoteremka mkononi, au vidole vinakufa ganzi, muone daktari kabla ya zoezi lolote.

Tatu, fanya kazi na mwili wako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mathalan kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni chini ya nusu saa kwa siku. Anayeshuka matatu vituo viwili kabla ya kwake na kumalizia safari kwa miguu tayari ameanza.

Nne, acha sigara, na pombe iogope. Burns aliyasema haya kabla sayansi haijathibitisha kwa ukamilifu madhara ya sigara kwa mapafu na moyo. Sisi hatuna kisingizio cha kutojua.

Tano, na hili ndilo ambalo Gotch hakubahatika kulipata: pimwa. Angalau mara moja kwa mwaka, pimwa shinikizo la damu, sukari na mkojo, hasa ukiwa umepita miaka 40, au kama kuna mtu katika jamii yenu mwenye maradhi hayo. Ni shughuli ya dakika chache.

Kumbuka kwamba shingo ya inchi 20 haikujengwa kwa mwezi mmoja, wala Gotch hakuwa bingwa kwa wiki moja. Burns alianza na pumzi, akaongeza kidogo kidogo, na hakuacha. Haba na haba hujaza kibaba. Basi kesho ukiamka, kabla hujaishika simu, simama wima uvute hewa mara kumi za kwanza.